Ufunguo Niliouchonga Bila Kuuliza

Mimi ni fundi wa funguo na vitasa, na kabla sijasema jingine lolote nataka ieleweke kwamba kazi hii si ya kubonyeza mashine. Mashine hata mpita njia anaweza kuibonyeza. Kazi yenyewe ni kuuliza. Mtu akiniwekea ufunguo kwenye kaunta akataka nimchongee mwingine kama huo, naushika, naupapasa meno kwa kidole gumba, kisha namuuliza mambo matatu: Ni wa nani? Unafungua nini? Mwenyewe anajua? Akijibu bila kubabaika, natungua kibogoyo ukutani naanza kazi. Kibogoyo ndilo jina tunalouita ufunguo ambao bado haujachongwa meno. Akianza kunizungusha, namrudishia chuma chake na kumtakia siku njema.

Wapo wanaokasirika. Kuna mama mmoja aliniambia hata polisi hawana maswali mengi kama yangu. Nikamjibu kwamba polisi huja baadaye, mimi huja kabla. Jirani yangu kinyozi, ambaye kati ya kiti chake na kaunta yangu pana ukuta mwembamba wa mbao tu, alicheka hadi akasimamisha mashine yake, na mteja akabaki amenyolewa upande mmoja akisubiri kicheko kiishe.

Maswali hayo sikuyaota. Nilipokuwa na miaka ishirini, nikijifunza kazi kwa mjomba wangu, aliingia bwana mmoja aliyevalia vizuri, viatu vinang'aa. Mjomba alikuwa ametoka. Yule bwana akanivika kilemba cha ukoka, nami nikakivaa mpaka masikioni. Eti mikono yangu ni ya dhahabu, eti mtaa mzima unanitaja mimi na si mjomba, eti mtu kama mimi anapoteza muda kwenye duka la mwingine. Alipomaliza kunisifu, ufunguo wake ulikuwa tayari. Siku mbili baadaye nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu ilifunguliwa mchana kweupe bila mkwaruzo wowote mlangoni. Redio ikaenda, cherehani ya mkewe ikaenda. Mjomba hakunipiga wala hakunifukuza. Alinishika mkono akanipeleka kwa yule mwalimu, akanisimamisha katikati ya sebule, akaniambia, sema. Nikasema. Kisha nikabadilisha vitasa vya nyumba nzima, huku mke wa mwalimu akiniletea maji ya kunywa kila baada ya mlango mmoja. Maji yale yaliniuma kuliko matusi yoyote ambayo angeweza kunitukana.

Kwa hiyo nilipojaliwa watoto, nikaona sina urithi wa maana wa kuwaachia zaidi ya yale maswali. Nikawafundisha mezani, njiani, wakisugua meno. Mtu akikupa kitu usichokiomba, uliza ni cha nani. Rafiki akikwambia twende, uliza huko kunafungua nini, yaani tukishafika kinafuata nini. La mwisho ndilo kubwa: mwenyewe anajua? Mama anajua? Mwalimu anajua? Ukiambiwa usimwambie mtu, basi jibu umeshalipata, rudisha ufunguo uondoke.

Mwanangu wa kwanza aliyapokea maswali kama watoto wanavyopokea dawa, kwa kukunja uso na kumeza haraka. Aliyeyapenda ni Kitinda. Huyu ndiye wa mwisho, kitindamimba wetu, na jina likamganda hivyo hivyo tangu akiwa mchanga. Alipokuwa na miaka sita, dada yangu alifunga safari kuja kututembelea, akamletea gauni. Kitinda akaweka mikono nyuma, akamuuliza shangazi yake gauni ni la nani, linafungua nini, na kama mama anajua. Dada yangu hakucheka. Alimtazama mke wangu, mke wangu akanitazama mimi, nami nikakumbuka nina jambo la haraka jikoni. Usiku ule mke wangu, ambaye ni nesi na hana subira na upuuzi, aliniambia kwamba silei mtoto, nalea askari wa getini. Nilijifanya nimeumia. Moyoni nilikuwa nimevimba kichwa.

Kitinda sasa ana miaka kumi na mmoja. Yaliyotokea yalitokea Jumatano moja, saa saba mchana.

Shule yao iko mitaa miwili tu kutoka dukani kwangu, na saa hiyo ni mapumziko ya chakula. Kinyozi hakuwa na mteja. Alikuwa amekaa kwenye kigoda changu na gazeti mkononi, akinisomea habari ya watoto fulani waliodanganywa na kijana mmoja kwa simu mpya, wakawa wanambebea vifurushi wasivyovijua. Alikuwa akitikisa kichwa kwa huzuni. Mimi sikuhuzunika, niseme ukweli. Mimi nilikuwa nikitamba. Nilimwambia wangu hawezi kuingia mkenge wa namna hiyo hata umpe dunia na maji yake, kwa sababu wangu amefundwa.

Na hapo hapo wangu akaingia.

Alitusalimu vizuri. Akachukua ufagio bila kuambiwa, akafagia vumbi la shaba chini ya mashine, hata kwenye pembe ambako mimi mwenyewe sifiki. Akafungua chupa ya chai akanimiminia, akammiminia na kinyozi. Mtu mwenye akili zake angejiuliza kulikoni. Mimi nilimkonyeza kinyozi, kama kumwambia, umeona?

Kitinda akaweka ufunguo kwenye kaunta. Akaniomba nimchongee mwingine kama huo. Kikombe kilikuwa mkono mmoja na hadithi ilikuwa mdomoni. Nikaushika ule ufunguo, mkono wangu ukaenda ukutani peke yake ukatungua kibogoyo, nikavibana vyote viwili, nikawasha. Mashine yangu inapiga kelele kama bati linalokatwa, kwa hiyo ilinibidi nipaze sauti ili kinyozi asikose neno. Nilikuwa nikimweleza swali la tatu. Nilikuwa nikimweleza, namuapia, kwa nini "mwenyewe anajua?" ndilo swali ambalo watu wazima wengi hulisahau. Nikausugua ufunguo mpya kwa brashi, nikausawazisha kwa tupa, nikampa Kitinda zote mbili.

Hakuondoka. Alisimama na funguo kwenye kiganja, akinitazama.

"Ni hivyo tu?" akauliza.

"Ni hivyo tu. Wahi, kengele isikukute njiani."

Akasimama tena kidogo, kama mteja ambaye anadhani bado kuna kitu hajapewa. Halafu akatoka. Kinyozi akasema ni mtoto mzuri, ila akauliza ule ufunguo ulikuwa wa nini. Nikamwambia ni wa nyumbani, sasa utakuwa wa nini, mama yao kila siku anagombana nao kwa kupoteza funguo. Akarudi kwenye gazeti lake, nami nikarudi kwenye kujisifu.

Saa tisa hivi niliinuka kupanga vibogoyo. Navitundika kwenye misumari kwa aina. Msumari wa chini ni vyembamba, vya milango ya majumbani, na kitasa cha nyumba yangu nilikitia mimi mwenyewe, kwa hiyo naujua ufunguo wake kama ninavyojua kidole changu. Ufunguo wa nyumbani kwangu hutoka msumari wa chini. Msumari wa chini ulikuwa haujaguswa. Pengo lilikuwa juu, kwenye vile vipana, vya milango ya ofisi, stoo na mashule.

Nilihesabu upya nikitumaini nimekosea. Mkono wangu ulikuwa umeujua ule ufunguo. Mkono ulifanya kazi yake sawasawa. Kichwa ndicho kilichokuwa kimekwenda matembezini.

Nikakaa kwenye kigoda. Nilisikia baridi, mchana wa jua kali. Nilitaka kukimbilia shuleni, kisha nikaogopa tutapishana njiani, kisha nikaona aibu kwamba naogopa. Nikafunga nusu ya mlango, nikabaki nimesimama pale nikiangalia barabara. Mteja mmoja alikuja na kufuli iliyokwama, nikamwambia arudi kesho, naye akanishangaa kwa sababu sijawahi kumwambia mteja njoo kesho tangu nifungue duka.

Saa kumi Kitinda akatokea na begi lake mgongoni. Hakuwa na haraka. Aliingia, akapita chini ya kaunta, akasimama mbele yangu, akauweka ule ufunguo mpya mezani. Nilidhani atakuwa analia. Hakuwa analia. Alikuwa amekasirika, na alikuwa amenikasirikia mimi.

"Baba," akasema, "mbona hukuniuliza?"

Nikavuta kigoda cha pili, akakaa, akanieleza yote tangu mwanzo, akiutazama ufunguo na si mimi.

Shuleni kwao kuna msichana wanayemwita Kapteni, kwa kuwa ndiye nahodha wa timu ya netiboli. Ni mrefu, anajua kuongea, na akiamua kuvaa soksi moja ndefu na moja fupi, kufika Ijumaa darasa zima limevaa hivyo. Kapteni na wenzake wanne hukaa kwenye ngazi za nyuma ya ukumbi wakati wa mapumziko, na ngazi hizo hakai mwingine. Kitinda alikuwa akizitamani tangu mwaka uanze. Hilo sikulijua. Najua anapenda mkate ukiwa na kingo, najua anaogopa mende, lakini hilo sikulijua.

Jumatatu, Kapteni akasogea, akapigapiga kwa kiganja ngazi iliyo kando yake, akamwambia njoo ukae. Wakampa biskuti. Wakamwambia amechelewa kuwa rafiki yao. Wakamwambia baba yake ni fundi bora kuliko wote mjini, na hapo, nakiri, hata nilipokuwa nikisimuliwa kwa aibu ile, sikio langu moja lilisimama. Jumanne wakamweleza shida yao. Chumba cha kompyuta kina mashine mpya, na Jumamosi hukaa kimefungwa bure. Wao wanataka kuingia kucheza michezo tu, hawatavunja kitu, hawataiba kitu. Mzee Koti, mhudumu wa shule, hutundika koti lake kwenye msumari kabla ya kwenda kula, na ufunguo humo mfukoni. Kitinda angeuchukua, angekimbia kwangu, angerudi kabla mzee hajamaliza kula. Kiti cha kwanza kingekuwa chake. Wote wameshakubali, wakamwambia, umebaki wewe tu.

"Niliyauliza moyoni, Baba. Yote matatu," akasema. "Yote yalikataa."

Nikamuuliza basi kwa nini hakukataa na yeye.

Akafikiri. Kitinda akifikiri huvuta sikio lake, tabia ya mama yake.

"Kumkataa mgeni ni rahisi. Wale si wageni. Walikuwa watano, na wote walikuwa wananitazama, na walikuwa wanatabasamu. Mdomo wangu ulikuwa mzito. Kwa hiyo nikafikiria wewe."

Mpango wake ulikuwa huu. Angekubali. Angeuleta ufunguo kwangu, nami, kama ninavyomfanyia kila mtu, ningemuuliza. Yeye angejibu kweli, mimi ningewaka, ningemnyima, labda hata ningemgombeza mbele ya kinyozi. Kisha angerudi kwenye ngazi akiwa amenuna na kuwaambia, baba amekataa, si mnamjua baba yangu alivyo. Hakuna ambaye angemlaumu. Angebaki na marafiki na mikono safi. Alikuwa na uhakika kabisa, kwa sababu, alisema, huwa namuuliza hata mama. Ni kweli. Niliwahi kumuuliza mke wangu kuhusu ufunguo wa kabati lake mwenyewe, na siku ile nilikula chakula baridi.

"Nilifagia ili unishuku," akasema. "Nikakumiminia na chai. Ulikuwa unaongea tu."

Miaka yote nilikuwa nikidhani maswali yale ni silaha niliyomkabidhi mwanangu akapigane peke yake. Kumbe yeye alidhani tutayashika wote wawili, na siku alipochoka mkono alikuja niushike upande wangu. Nami nilikuwa nikitamba. Niliona aibu, na sikuona sababu ya kuificha. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuangalia wewe, sikuangalia ufunguo."

Hakusema amenisamehe. Aliendelea na hadithi.

Alitoka dukani na funguo mbili. Ule wa shule aliurudisha kwenye koti, mzee akiwa bado anakula. Ule mpya ukabaki mfukoni kwake. Alipofika kwenye ngazi, Kapteni alikuwa ameshanyoosha mkono. Uongo aliokuwa ameuandaa njiani, kwamba nimekataa, ulikuwepo, tayari, maneno manne matano tu. Lakini haukutoka.

"Ulikuwa bado una moto, Baba. Nilikuwa nausikia kwenye paja. Nikashindwa kusema umekataa na huku nausikia."

Funguo zikitoka kwenye mashine huwa na joto. Nimezishika maelfu, sikuwahi kufikiri joto hilo lina kazi yoyote.

Basi akapiga moyo konde, akawaambia anao lakini hautoi. Wakauliza kwa nini. Akasema kwa sababu Mzee Koti hajui. Wakacheka, na mmoja akamwita Bibi Maswali. Kapteni hakucheka. Alimwambia ashuke kwenye ngazi zao, naye akashuka, akaenda kula mkate wake karibu na bomba la maji.

Nilitaka kumkumbatia, lakini nilihisi si wakati. Nikamwambia tu kwamba alifanya vizuri.

"Najua," akasema. "Wewe ndiye hukufanya."

Upande wa pili wa mbao, mashine ya kinyozi ilikuwa imenyamaza muda mrefu. Yule mtu alikuwa anasikiliza, na mteja wake vilevile.

Kitinda alitaka tuubane ule ufunguo kwenye jiliwa, aupige tupa mpaka meno yaishe urudi kuwa kibogoyo. Nikamwambia la, una mwenyewe. Hapo ndipo alipoogopa kweli kweli. Akasema nikienda shuleni wataitwa wote watano, na yeye atakuwa mchongezi, na hilo ni baya kuliko kula karibu na bomba. Nikamwahidi sitamtaja mtu. Kosa ninalokwenda kulisema ni la kwangu.

Tulimkuta Mzee Koti akifunga madirisha ya madarasa. Ni mtu wa maneno machache, na koti lake, la rangi ya kahawia, alikuwa amelivaa ingawa joto lilikuwa la kumvua mtu shati. Tukasalimiana. Kitinda akasimama nyuma yangu kidogo. Nikasema, kama nilivyofunzwa sebuleni kwa yule mwalimu miaka ile, bila kuzunguka, kwamba leo nimechonga ufunguo wa mlango wake bila kuuliza kama mwenyewe anajua, kwamba ninayo desturi ya kuuliza na leo niliiacha, na ufunguo ni huu.

Akaupokea. Akapapasa mfuko wa koti, akautoa wa kwake, akazilinganisha.

"Kazi nzuri," akasema. Akaniuliza nani aliuleta.

"Aliyeuleta ndiye amefanya niurudishe," nikamjibu.

Mzee alimtazama Kitinda. Kitinda alitazama viatu vyake. Kisha mzee akazitia zote mbili mfukoni, akasema kuanzia kesho atakuwa anakula na koti mwilini. Akaondoka. Nilidhani anakwenda kumwita mwalimu mkuu. Alirudi na vikombe viwili vya maji. Nikayanywa mpaka tone la mwisho. Safari hii hayakuniuma kama yale ya zamani, nadhani kwa sababu tulikuwa wawili.

Jumamosi nilikwenda kubadilisha kitasa kile, kwa hiari yangu, Kitinda akinishikia bisibisi. Kapteni na wenzake walikuwa uwanjani na mpira wao. Mara mpira ukawa unaangukia karibu na sisi, mara ukaangukia karibu zaidi, na baadaye wakawa wamesimama wanatazama bila kujisumbua na mpira tena. Niliendelea na kazi. Mzee Koti ndiye aliyewauliza kama wanataka kitu. Kapteni akasema walikuwa wanataka kujua kama chumba hiki kinaweza kufunguliwa Jumamosi. Mzee akasema hajui, ataulizia. Akaulizia, na jibu la mwalimu mkuu likawa hapana. Lakini waliuliza, na mbele ya mwenye mlango.

Sitaki mtu afikiri mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Kwa wiki mbili Kitinda alikula karibu na bomba. Jioni moja alilia, na alimlilia mama yake, si mimi. Mke wangu alinifuata uani akaniambia nisithubutu kumhutubia mtoto. Amehutubiwa vya kutosha, alisema, sasa muulize. Kwa hiyo nikawa namuuliza kila siku akipita dukani: leo ulikaa na nani, leo mlicheka nini. Mwanzoni alinijibu kwa neno moja. Kisha akaniambia kwamba yule aliyemwita Bibi Maswali amehamia kwenye bomba, kwa kuwa ngazi zina jua. Baadaye wakawa watatu. Mama yake akaanza kumfungia mkate mkubwa zaidi bila kusema kwa nini.

Kinyozi naye hakuniacha. Alichukua kipande cha kadibodi, akaandika kwa herufi kubwa, akaja kukitundika mwenyewe juu ya mashine yangu: HAPA HATA MTOTO WA FUNDI ANAULIZWA. Nilimwambia akitoe. Hakukitoa, nami sijakitoa. Wateja wakiuliza maana yake, yeye ndiye huwasimulia kupitia kwenye mbao, na kila mara anatia chumvi. Siku hizi katika hadithi yake mimi nilikuwa naimba.

Wiki iliyopita, saa ile ile ya mapumziko, Kitinda akaingia. Hakugusa ufagio, wala chupa ya chai. Akaweka kijifunguo kidogo kwenye kaunta, akaniomba nimchongee mwingine kama huo. Upande wa pili mashine ya kinyozi ikanyamaza.

Nikaweka kikombe chini. Nikavaa miwani. Nikauinua ule ufunguo kwenye mwanga, nikaupapasa jino moja moja, nikachukua muda wangu wote.

"Ni wa nani?"

Akazungusha macho mpaka darini. "Baba jamani. Wa Kapteni."

"Unafungua nini?"

"Kufuli ya baiskeli yake. Mwingine umepotea."

"Mwenyewe anajua?"

"Yuko nje hapo. Anaona haya kuingia."

Nikamwambia amwite. Kapteni akaingia, mrefu kweli, soksi moja juu moja chini, akasimama mbele ya kaunta na mikono nyuma. Nikamuuliza na yeye, yote matatu, tangu la kwanza. Akajibu yote bila kubabaika. Nikatungua kibogoyo kidogo, nikawasha mashine, na safari hii nikafunga mdomo. Nilipoinua macho, Kitinda alikuwa ameinamia kaunta akijifanya anatazama vumbi la shaba, anauma midomo ili tabasamu lisimponyoke. Nikausugua ufunguo kwa brashi, nikampa mwenyewe ukiwa bado una moto.